Mama Mkwe Kati ya Ghorofa ya Nne na ya Tano

Kwa miaka kumi na miwili fundi lifti alirudi nyumbani na grisi kwenye kucha na visa mdomoni: nani kakwama, nani kalia, nani kaanza kuungama dhambi zake kumbe mlango uko wazi. Mkewe, fundi cherehani, na binti yao wa miaka saba walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akapandishwa cheo: Mkuu wa Matengenezo, mwenye ofisi yenye zulia na kiti cha kuzunguka.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama mkwe. Siku zote alikuwa akimtambulisha kama "huyo mume wa binti yangu", kana kwamba kaokotwa njiani. Sasa ikawa "mkwe wangu, mkuu".

Lakini mkuu alirudi nyumbani na kompyuta. Alikula huku akiandika ripoti. Mkewe akimsemesha, anajibu, "Hilo tulipangie kikao." Siku moja binti akamnong'oneza mama yake: "Mama, huyu baba wa tai atakaa kwetu mpaka lini?" Mama akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

Miezi sita ikapita hivyo. Asubuhi moja mama mkwe akavaa gauni lake la kuendea harusini, akaenda kujionea hiyo ofisi. Ndani ya lifti akamkuta mkurugenzi wa kampuni. Walipofika kati ya ghorofa ya nne na ya tano, lifti ikagoma.

Mafundi wote hawakuwepo. Walikuwa kwenye semina ya kutumia muda vizuri, na aliyewapeleka ni mkuu mwenyewe.

Basi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akapanda mbio hadi chumba cha mitambo. Akalegeza hapa, akakaza pale, na bila kujua akaanza kupiga mluzi. Baada ya dakika arobaini lifti ikashuka taratibu, mlango ukafunguka.

"Poleni sana," alisema, grisi mpaka kwenye paji la uso, meno yote nje.

"Pole wewe," mkurugenzi akajibu akijifuta macho. "Mama amenipa habari zako zote. Eti nyumbani umekuwa kama picha ya ukutani?"

Mama mkwe akatazama pembeni. "Binti yangu ndiye aliyeniambia. Mimi nilikuwa napoteza muda tu, baba."

Kabla ujasiri haujampoa, mkuu akasema, "Mkurugenzi, naomba nirudishiwe spana zangu."

Alasiri alimkuta mkewe akipiga pasi suruali ya suti. Akamweleza yote. Mke akageuza suruali upande wa pili.

"Uliniuliza mimi?"

"Sikukuuliza. Nisamehe."

"Ungeniuliza, ungerudi kwenye lifti tangu mwezi wa kwanza." Akazima pasi. "Haya, kaa. Aliyelia nani, ni mama?"

"Mama aliimba. Aliyelia ni mkurugenzi."

Ukuu akapewa karani wa stoo, mwanamke anayependa vikao kwa moyo wake wote, na idara ikanyooka kuliko zamani. Mama mkwe alinuna wiki nzima. Wiki ya pili akaja na feni yake iliyokufa, akasema hana haraka, atasubiri. Alisubiri mpaka chakula kikaiva, akala, akaongezewa, akapitiwa na usingizi kwenye kochi, feni ileile ikimpepea miguu.