Kondo la Ruweyda

Picha ilipotokea ukutani, ukumbi mzima ulipiga makofi. Seli za binadamu zilizotiwa rangi ya buluu, na ndani yake bakteria wa brusela waking'aa kijani, wamesongamana kama kupe sikioni mwa ngamia. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, sahani ya mbavu za mbuzi mapajani. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda.

"Tazameni uzuri huu," alisema Profesa Kagendo, akiizungushia picha ile taa nyekundu ya kuelekezea.

Mimi ndiye niliyeipiga, kwa hadubini ya maabara yetu kule Nairobi. Na nilijua seli zile zilitoka mwilini mwa nani.

Nimeishi na mdudu huyu muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Seli za ulinzi mwilini zimeumbwa kumeza vijidudu, na brusela humezwa kama wenzake. Ila yeye hafi. Hujivika ngozi ya seli iliyommeza, akapenya taratibu hadi jikoni kwake, akaketi humo, akala, akazaana. Kazi yangu ilikuwa kuuliza ni mlango upi anaopitia na ni nani anayemfungulia. Caro, fundi wa maabara, alipenda kunitania. "Kowsar, huyo mdudu wako ni mgeni asiyejua kuaga." Tulicheka. Ndani ya chupa za maabara, hila zake zilikuwa za kupendeza.

Nje ya chupa kulikuwa na Ruweyda.

Nilimkuta wodini Garissa mwaka uliotangulia, siku alipopoteza mimba iliyokuwa imekwisha kuwa kubwa. Profesa hakujua Kisomali, hivyo mimi ndiye niliyeinama kitandani kumwomba kondo la nyuma la mtoto wake, tuende tukalichunguze. Alikuwa na homa. Jasho lilikuwa limeubandika mtandio shingoni mwake. Akanishika kiganja.

"Abaayo, dada yangu, mtaniambia kilichomuua mwanangu?"

Nikamtafsiria Profesa. "Mwambie ndiyo," akasema. "Majibu atayapata kupitia ofisi ya afya."

Nikamwambia ndiyo. Kondo likawekwa kwenye barafu, likasafiri.

Majibu yalipotoka, kwamba ni brusela, sikustaajabu. Nilimuuliza Profesa kama Ruweyda ameambiwa, nikajibiwa yametumwa. Nikauliza tena baada ya muda, nikajibiwa vivyo hivyo, safari hii kwa kunung'unikiwa.

Sasa, katika ukumbi ule wa hoteli mjini Garissa, daktari mmoja kijana aliyetoka Rhamu aliinua mkono. "Profesa, na hawa akina mama wanaendeleaje?"

"Watajulishwa makala yetu ikishachapishwa," alijibu akitabasamu. "Tukisema mapema, wengine watatutangulia."

Watu wakatikisa vichwa kama waliosikia neno la busara. Salah, afisa wa afya, mzaliwa wa hapa hapa kama mimi, alikuwa akichokonoa meno. "Hata ukiwaambia hawa watu wetu wachemshe maziwa, watachemsha?" alisema, akacheka hadi kitambi kikatikisika.

Kinyaa kikanipanda. Si kile cha damu wala usaha, hivyo nimevizoea. Nilikinai ulimi wangu mwenyewe, ulioazimwa na kurudishwa kinywani mwangu ukiwa umelowa mate ya mtu mwingine.

Nikasimama. "Profesa, uliniambia majibu yametumwa."

"Kowsar, keti. Tutazungumza."

"Ugonjwa wa Ruweyda unatibika. Dawa zake zipo hapa hapa mjini."

Alinisogelea, akashusha sauti. "Mimi nimekulea katika taaluma hii. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Kumbe aibu aliyoiona ni hiyo. Niliiweka sahani sakafuni, nikatoka, na nyuma ya jenereta la hoteli nikatapika kila nilichokula.

Makala ilichapishwa, jina langu halimo. Siku hizi nafanya kazi Garissa, katika maabara yenye hadubini moja kuukuu, na majibu nawapa wagonjwa wenyewe. Kagendo alipewa tuzo. Niliiona picha yake gazetini, nyuma yake ile kijani iking'aa, na nilikwenda kunawa mikono ingawa sikuwa nimeshika chochote.

Lakini mchana ule, kutoka hotelini nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Iftin. Ruweyda alikuwa amekonda, goti moja limevimba. Kabla sijaketi alisema, "Na wa pili naye ameondokea tumboni."

Nilimweleza yote. Kwamba ni ugonjwa wa mifugo, kwamba hupitia maziwa mabichi, kwamba kesho yake nitampeleka mwenyewe kwa daktari aanze dawa. Nilimweleza pia ni nani aliyejua, na tangu lini. Hakulia. Aliuliza tu, "Unaye huyo mdudu? Nionyeshe."

Nikafungua picha kwenye simu. Aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Hawa wa kijani ndio wao?"

"Ndio."

"Na hii buluu?"

"Hiyo ni ya mtoto."

Akaweka kidole juu ya ile buluu, akakwepa kijani. Ukumbini hakuna aliyeitazama buluu. Kisha akanirudishia simu, uso umemsawijika.

"Mimi nilisema ni jicho la husuda la Zeinab," alisema.

Zeinab alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Mustafe, mwanamke asiyejaliwa mtoto. Alikuwa wa kwanza kumpakata kila mtoto aliyezaliwa ukoo ule. Ruweyda alikuwa amemtuhumu mbele ya watu, watu wakaamini, na tangu hapo hakuna aliyemruhusu kugusa mwana wake. Zeinab alikuwa amehamia chumba kimoja nyuma ya msikiti. Hayo nayo yalikuwa yamezaana gizani, makala ikisubiri kuchapishwa.

"Twende," Ruweyda alisema. "Wewe ndiye unayejua kueleza."

Alitembea akichechemea, jua likiwa kali, akakataa kuniegemea. Mlango alibisha mwenyewe. Zeinab alifungua, akamwona. Ruweyda alifungua kinywa mara mbili, maneno yakakataa kutoka. Nami sikumsemea.

Zeinab alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Ruweyda.

"Una homa," alisema, akasogea pembeni, tukaingia.