Manukato ya Kupima

Wateja walimwita Pua. Kibanda chake kilibanwa kati ya fundi saa na duka la vifaa vya shule, na alichouza ni manukato ghali kwa vipimo vidogo. Alinunua chupa halisi, zile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida huzitazama tu kwenye vioo vya maduka, akazivuta kwa sindano na kuzigawa katika vichupa vya mililita tano. Karani au muuguzi akaweza kunukia kama mkurugenzi wake bila kulala njaa. Walimwamini kwa jambo moja: chupa bandia haikumpita. Alifungua kifuniko, akanusa mara moja, akamrudishia mletaji mzigo wake. "Hii kaoshee vyoo."

Kisha akapatwa na mafua makali. Homa ilishuka siku ya nne, ila pua haikurudi. Kitunguu, sabuni, mafuta ya taa, vyote kwake vilikuwa kama maji. Akajipa wiki, ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Nyumbani alisifu mboga kabla hajamaliza tonge la kwanza. Kibandani aliendelea kufungua vifuniko na kufumba macho kama zamani, lakini mzigo aliuchagua kwa kutazama lebo, uzito wa chupa na uso wa mletaji.

Jumatatu moja mchana akaja mwalimu wa shule ya msingi, mteja wake wa miaka sita. Wiki iliyopita alikuwa amechukua mililita kumi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Aliweka kichupa juu ya meza.

"Kaka, hii siyo ile."

"Ni ileile, mwalimu. Ngozi hubadilika, halafu na joto hili..."

"Ngozi yangu naijua. Shangazi aliniuliza mbele ya wakwe kama nimetoka kupaka rangi nyumba. Nilicheka nao, halafu nikaenda kukaa mlangoni mpaka shughuli ikaisha." Akamsogezea kichupa. "Nusa mwenyewe."

Pua akanusa. Hakusikia kitu. "Mbona iko sawa," alisema.

Mwalimu hakugombana. "Wenzangu wakisema vya kupima ni utapeli, mimi ndiye ninayekutetea," alisema. Akaondoka na kukiacha kichupa pale pale.

Pua alifunga mapema, akabeba chupa zote kumi na moja nyumbani. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Mama watoto, hebu ninusie hizi."

"Mimi? Tangu lini?" Lakini alinusa, moja baada ya nyingine, na nne akazisukuma pembeni. "Hizi ni spiriti tupu." Kisha akamkazia macho. "Wewe hujasikia?"

"Sisikii harufu yoyote. Tangu ile homa."

Mkewe aliketi juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. "Mwezi uliopita maharage yaliungua mpaka nikaona aibu kuwapa watoto. Ukasema matamu."

"Nilisema."

"Nikawaza, huyu ana mahali pengine anakula, ndiyo maana hajali anachopewa hapa. Mwezi mzima nawaza hivyo, na wewe upo tu."

 Kesho yake Pua alimwaga zile chupa nne mtaroni, akaenda shuleni. Alimkuta mwalimu akisahihisha madaftari, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ulijua husikii harufu, na bado ukaninusia," mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu." Alipokea pesa zake alizorudishiwa, akavuta daftari lililofuata.

Wiki nzima Pua alizunguka kuwatafuta waliochukua kutoka chupa zile. Wengine walicheka, mmoja akamwambia atafute jina jipya. Daktari alisema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Wateja walipungua karibu nusu, na mwalimu hakuonekana tena.

Siku hizi mkewe huja kibandani kila Jumamosi kukagua mzigo. Hunusa, hutenga mbaya na nzuri, hasemi zaidi ya hapo. Akimaliza hutangulia nyumbani peke yake, hata siku ambazo Pua naye ameshafunga.