Dakika Thelathini na Nne za Marehemu

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, mazoezi yakiisha, kocha wa timu ya chuo aligawa dakika. Alikalia ukingo wa meza ya mtunza saa, akalamba ncha ya penseli, akafungua daftari lenye jalada la plastiki. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mchezo wa kikapu una dakika arobaini na uwanjani husimama watu watano, kwa hiyo timu nzima ina dakika mia mbili za kugawana. Wachezaji walikuwa kumi na wawili. Walikaa sakafuni wakivuja jasho na kumtazama mdomoni, kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Kapteni, thelathini na nne," alisoma kocha, akalamba penseli tena.

Kapteni alikuwa amefariki tangu Machi ya mwaka juzi. Homa ilimlaza wiki moja tu. Alizikwa Jumanne, na Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, alikuwa uwanjani, jezi namba nane juu ya shati alilozikiwa. Baba yake, mwenyekiti wa bodi ya chuo, alikuwa amemfuata makaburini na gari asubuhi ile akamwambia timu inamhitaji. Kijana alilelewa vizuri; mzazi akimwita, huitika. Ofisi ya msajili iliangalia orodha ya wanafunzi, ikakuta jina lake halijafutwa, na mjadala ukaishia hapo.

Hakuwa akikimbia. Magoti yalikuwa hayamruhusu. Alisimama kwenye kona ya kushoto chini ya kikapu, na akipasiwa mpira aliukumbatia kifuani mpaka refa apulize filimbi. Mpira ulirudi ukiwa unanata. Mwanzoni wenzake walikuwa wakifuta viganja kwenye kaptula, baadaye wakaacha, kwa sababu kaptula nazo zilikuwa zimechafuka. Harufu yake ilikuwa ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Kila mapumziko mama msafishaji aliingia na ufagio, akazoa udongo wa kona ya kushoto, akapiga deki, akatoka na ndoo ya maji meusi bila kumtazama mtu. Katika misimu miwili timu ilishinda mechi tatu, zote dhidi ya vyuo ambavyo wachezaji wao walikuwa na matumbo mepesi.

Mchezaji wa akiba wa nafasi ile aliitwa Ngazi, kwa sababu ya urefu. Alikuwa mwaka wa tatu, mwaka wake wa mwisho. Mazoezini hakuna aliyeweza kumzuia. Aliruka kabla yako na kushuka baada yako. Siku ya mechi alipewa dakika mbili, zile za mwisho, watu wakiwa tayari wanatafuta mikoba yao chini ya viti. Klabu moja ya ligi kuu ilikuwa imeandika barua kwamba itatuma wateuzi kwenye mechi ya kufunga msimu, na barua ilisema wazi: wataangalia walio uwanjani, si walio benchi.

"Ngazi," kocha alisoma Alhamisi ya wiki ile ya mwisho, "sifuri."

"Nilikuwa na mbili, kocha."

"Zimekwenda kwa Kapteni. Tuna wageni. Mwenyekiti asingependa wageni wamwone mwanawe anatolewa." Akaandika thelathini na sita, akapuliza unga wa penseli kwenye ukurasa. "Usininunie, mwanangu. Timu ni familia."

Ngazi alihisi kitu kichungu kikimpanda kooni. Alikimeza, akainuka, akaenda nyumbani.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na jezi zote za chuo zilishonwa kwake. Kila muhula mwenyekiti alimleta marehemu apimwe upya, maana alikuwa akipungua. Ijumaa walikuja tena. Mama alimsimamisha mbele ya kioo, akapitisha utepe chini ya makwapa yake kwa upole, kama anavyopima bi harusi, akaandika: kifua, sentimita sitini na nane. Muhula uliopita kilikuwa sabini na tano.

"Inua mkono, baba," alimwambia Kapteni. "Taratibu. Basi, inatosha, usijichoshe."

"Ahsante, mama," alijibu Kapteni. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini adabu yake haikuwa imeharibika hata kidogo.

Mwenyekiti aliketi kwenye stuli ya wateja, leso mkononi, akijifuta shingo. Alikuwa mtu mnene, mwenye viganja laini vilivyolowa muda wote. Mama alikunja utepe. Alikuwa na maneno aliyoyabeba misimu miwili, na siku hiyo aliyatua.

"Mzee, naomba nikuulize, usinichukie. Na wangu je?"

"Wako yupi?"

"Yule mrefu. Anakaa benchi mwaka wa tatu huu. Kesho wanakuja watu wa kuchagua. Mwanao namheshimu, nampima kama nimemzaa mimi, lakini huyu..." Alimtazama Kapteni, akashusha sauti. "Huyu angepumzika, mzee."

Mwenyekiti hakukasirika. Alimtazama kwa huruma kubwa, huruma ya mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi.

"Mama, wako ana maisha yote mbele yake," alisema. "Wangu ana nini zaidi ya hizi dakika? Wewe ungekuwa na roho ya kumnyang'anya?"

Mama aliwafungulia mlango. Walipoondoka, alisugua utepe kwa sabuni, akausuuza, akausugua tena, halafu akautupa kwenye pipa. Ngazi, aliyekuwa nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, alisikia kila neno. Alichoshangaa ni kwamba chuki yote aliyoitafuta kwa Kapteni hakuiona. Ilikuwa yote imekwenda kwenye ile leso.

Jumamosi saa nane walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wao wawili tu, maana wenzao walikuwa wamezoea kuvaa nje kwa ajili ya hewa. Kapteni alikuwa anahangaika na kamba za viatu. Vidole vyake vilikuwa haviinami. Ngazi alichuchumaa akamfungia.

"Kaka, mimi nimechoka," alisema Kapteni. "Si uchovu wa kulala ukaamka. Unaona kila mechi ninavyonyoosha mkono niombe kutolewa?"

"Naona."

"Na kocha?"

"Naye anaona. Ndiyo maana huangalia daftari."

"Nilimwambia mzee. Alisema kila mtu amechoka." Kapteni aliukanyagisha sakafuni mguu uliokwisha fungwa. "Leo nitacheza faulo. Faulo tano mtu anatoka, hiyo haina cha mwenyekiti wala nani. Wewe pasha mwili joto tu."

Ngazi alimshukuru. Alipotoka alinawa mikono, na aliona haya kwa kunawa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wateuzi walikuwa watatu, wakikaa safu ya mbele pamoja na mwenyekiti, karatasi magotini. Dakika ya pili Kapteni alimvuta jezi mpinzani mpaka ikachanika. Refa alimeza filimbi. Dakika ya nne alimtandika mwingine kiwiko cha mbavu, mlio ukasikika hadi mlangoni, ingawa kilichovunjika kilikuwa kiwiko. Refa aligeuka akaangalia paa. Dakika ya tisa hakuona aibu tena, akamkumbatia mpinzani kiunoni na kuanguka naye. Filimbi ililia. Faulo akaandikiwa mpinzani, kwa kukosa heshima.

Mapumziko Ngazi alimfuata refa kwenye bomba la maji.

"Mwalimu, zile ni faulo tatu za wazi. Hata mtoto angeziona."

"Nimeziona," alisema refa, akisukutua na kutema. "Nimwandikie marehemu faulo mbele ya baba yake? Kijana, mimi mwakani bado nataka kuchezesha mechi hapa."

Robo ya tatu Kapteni alinyoosha mkono kuelekea benchi. Aliuweka juu muda mrefu. Kocha alikuwa akisoma daftari kwa makini sana, ukurasa ambao haukuwa na kitu. Basi Kapteni akaushusha mkono, akapiga goti, akajilaza chali kwenye kona ya kushoto, viganja tumboni, akafumba macho. Mchezo haukusimama. Wachezaji walimruka, wachache wakamkanyaga wakaomba radhi. Udongo ulianza kumjaa pembeni taratibu, kama maji yanavyojaa beseni, na mama msafishaji alisimama mlangoni na ufagio wake asijue kama muda wake umefika.

Ngazi aliinuka akaenda mbele ya kocha.

"Kocha, mtu amelala."

"Amelala wapi?"

"Uwanjani."

"Sasa. Si yumo uwanjani? Anahesabika." Kocha alilamba kidole, akafungua ukurasa mwingine.

"Niingize mimi. Dakika tano. Dakika moja."

Kocha alisimama, akamwekea mkono begani. Kidole kilikuwa bado kina mate, na Ngazi alihisi ubichi wake ukipenya kwenye fulana. "Mwanangu, unadhani mimi sioni? Naona kila kitu. Mimi ndiye ninayeumia kuliko ninyi nyote, kwa sababu naona na nakaa kimya. Wewe unajua uzito wa jambo hilo? Hebu kaa."

Ngazi alikaa. Chuo kilifungwa kwa pointi arobaini na moja. Watu walipiga makofi, na wateuzi waliandika hadi karatasi zikajaa.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Klabu ilikuwa imemchukua Kapteni. Ilisifu uzoefu wake, kwani hakuna mchezaji wa chuo aliyekuwa na dakika nyingi kama zake. Utulivu wake chini ya presha. Na tabia yake ya kutomlalamikia mwamuzi. Wanafunzi waliisoma wakielekea darasani. Wengine walisema ilitarajiwa.

Ngazi alimkuta Kapteni amekaa kwenye ukingo wa barabara nje ya lango. Gari la mwenyekiti lilikuwa hatua kumi mbele, injini inanguruma, baba anaonekana kwenye kioo akijifuta shingo.

"Mkataba wa miaka mitano," alisema Kapteni.

"Pole, kaka."

"Na wewe pole." Alitazama lami. "Wanasema kuna kipengele cha kuongeza."

Hawakupeana mikono, kwa kuwa wa Kapteni haukustahimili tena. Ngazi alimsaidia kusimama na kumpeleka hadi kwenye gari, akamfungia mlango. Mwenyekiti alishusha kioo inchi mbili akamshukuru kwa uungwana wake.

Wiki iliyofuata, mitihani ikiwa imekwisha, Ngazi alikwenda kurudisha jezi. Alimkuta kocha peke yake ukumbini, kwenye ukingo wa meza, ameinamia daftari.

"Umekuja wakati mzuri," alisema kocha. "Unajua kwamba sasa nina dakika thelathini na nne hazina mwenyewe? Sijawahi kuwa tajiri namna hii."

"Wapo kumi, kocha. Wote hai."

"Hao wapo tu." Alilamba penseli. "Makamu mwenyekiti ana mpwa wake. Kazikwa mwezi uliopita, kijana wa mita moja na sentimita tisini na tano. Umbo safi kabisa, bado mpya. Anajiunga nasi Jumatatu. Tatizo ni viatu tu, walimzika pekupeku. Wewe unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Ngazi alitazama chini. Viatu vilikuwa miguuni mwake, na soli zake zilikuwa hazijaisha hata kidogo. Alifikiri juu ya yule mpwa, ambaye hakumjua, akitembea bila viatu kwenye sakafu ile ya baridi, dakika thelathini na nne kila Jumamosi, mkono juu. Alivifungua, akaviweka pamoja juu ya meza, visigino vikimwelekea kocha.

"Mwambie asikaze sana kamba," alisema.

Alipotoka nje alitapika kwenye majani kando ya ngazi za ukumbi, vizuri, bila haraka, mpaka tumbo likawa tupu. Halafu akavuka uwanja kwa soksi kuelekea kituo cha basi. Nyuma yake, kupitia dirisha lililo wazi, alimsikia kocha akihesabu kwa sauti, akifika mia mbili na kuanza upya.