Tryphosa Amerudi, Pasi Haijarudi

Persis wa Ikonge alikuwa na pasi ya makaa iliyowatia majirani wivu, pasi nzito yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, nguo za nyumba nzima zilipita chini yake, na kesho yake Persis akaingia kanisani amenyooka kama noti mpya.

Basi Tryphosa, jirani yake, mke wa Ombati, karani wa kituo cha majani chai, akaja kuiazima. "Ya Sabato hii tu, dada."

Sabato hiyo ikapita, ikapita nyingine, mahindi yakapaliliwa hadi yakabeba. Persis akawa analaza gauni lake chini ya godoro, na bado lilitoka na mikunjo kama jani la kabichi. Gauni la Tryphosa nalo halikuwa na nafuu, lakini kwa hasira aliyokuwa nayo Persis hakulitilia maanani.

Wote wawili walisoma ngumbaru, darasa la watu wazima lililokutana kanisani alasiri. Siku moja Mwalimu Abner akaandika ubaoni: *return*.

"Neno hili moja lina kazi mbili," akasema. "*I return*, ninarudi. *I return the book*, ninarudisha kitabu."

Mzee Nyangate akaguna. "Hawa Wazungu walikuwa na uhaba wa maneno kiasi gani, hata mtu na mzigo wake wagawane neno moja?"

Darasa likacheka. Persis hakucheka, aliona mlango wa kuidai pasi yake umefunguka. Akasimama, akamgeukia Tryphosa mbele ya watu wote. "*Tryphosa, when you return?*"

Tryphosa akainuka taratibu, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa. "*I will return on Friday.*"

Wakapigiwa makofi, na Persis akaenda zake akiona mambo yamekwisha.

Ijumaa akawasha makaa mapema. Tryphosa akaja kweli, mikono mitupu, akaketi, akanywa chai, akala ndizi za kuchemsha, akasifia chumvi.

"Pasi iko wapi?" Persis akauliza.

"Pasi? Dada, wewe uliuliza nitarudi lini. Si mimi huyu, nimerudi?"

Makaa yakafa bure. Persis alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimjia, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wiki iliyofuata akaenda kwa Tryphosa kwa upole mwingi, akaazima taa ya karabai ambayo karani alisomea gazeti. Akaitundika jikoni kwake, akatulia.

Haikuchukua muda, Tryphosa akafika kuidai. "*Give back my lamp!*"

"*Give* ni kupa," Persis akasema polepole. "Na *back*, siku ile tulipofundishwa viungo vya mwili, Mwalimu alisema ni mgongo." Akageuka, akampa mgongo. "Haya, nimekupa."

Ikawa ndiyo salamu yake. Wakikutana kisimani, mgongo. Wakikutana sokoni, mgongo. Hata kwenye mazoezi ya kwaya, Tryphosa alipofungua mdomo tu Persis aligeuka akaimba akiutazama ukuta, na sauti ya pili ikapotea kwa vicheko.

Mwishowe Tryphosa akaja jikoni, safari hii bila hata neno moja la Kiingereza. Alizungumza lugha yao ya nyumbani, Ekegusii tupu, tena kwa sauti ya chini. Persis akageuka kama kawaida yake, lakini nyuma yake akasikia mtu akivuta kamasi.

"Pasi haiko kwangu, dada. Wifi yangu Orpah alikuja, akaenda nayo Kiogoro. Mimi sikuwapo, mume wangu ndiye aliyeniambia. Ningekuambiaje kwamba ndugu za mume wangu wanabeba vitu vya watu? Nikaona afadhali nikuchekeshe."

Persis akageuka, akamtazama juu hadi chini. "Kwa hiyo hata wewe huna cha kunyooshea nguo?"

"Kwani hili gauni hulioni?"

Persis akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Kisha akaitungua ile taa, akamwekea mkononi.

Jumapili wakapanda basi pamoja hadi Kiogoro. Njiani walipanga maneno makali, nani aanze na nani amalizie. Walipofika, pasi ilikuwa mlangoni, imewekwa kuzuia mlango usijifunge, na jogoo wake amefunikwa vumbi. Orpah akawakumbatia hata kabla hawajatoa walichopanga.

"Kumbe ni ya huyu mama?" akashangaa walipomweleza. "Ombati ndiye aliyenipa kwa mkono wake! Aliniambia mke wake ana nyingine."

Tryphosa akaiokota pasi, akampangusa jogoo vumbi: kumbe ni mumewe. Akanywa chai, akafungiwa mkungu wa ndizi, akapanda basi, pasi ikiwa mapajani mwake. Walipokaribia Ikonge ndipo akasema, "Dada, Ijumaa nitakuja kwako na nguo zetu. Tunyooshe pamoja."

Akaja. Wakanyoosha magauni, kaptura za watoto, hata kitambaa cha meza ya kanisa. Kesho yake familia mbili ziliingia ibadani zikimetameta. Ombati, karani, aliingia wa mwisho, shati lake limejikunjakunja kama lililotafunwa na ndama, akimtafuta mkewe kwa macho ya kuuliza.

Tryphosa alikuwa kwenye kwaya. Akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.