Mpiga Mbizi wa Verna Lindqvist

Katika orodha ninayoitunza ya michezo ya video ambayo haikuwahi kuuzwa, ingizo la mia mbili na kumi na nne lilisomeka hivi: "Mpiga Mbizi, 1983. Picha za maonyesho tu, haukuwa mchezo." Nililiandika kwa ushahidi wa meneja mmoja wa zamani wa kampuni iliyokuwa ikiutengeneza. Miezi mitatu baadaye Verna Lindqvist, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alinipigia simu kutoka Sunnyvale. Aliniambia kwa upole kwamba mchezo ule aliuandika yeye, na kwamba angependa kosa langu lirekebishwe angali hai.

Jumamosi tulikutana katika gereji ya Duane Okimoto, fundi wa mashine kuukuu. Verna alileta kaseti ya mchezo isiyo na ganda: kibao cha kijani chenye chipu moja. Chipu za aina hiyo zina kidirisha cha kioo, na mwanga ukiingia humo kwa miaka, yaliyoandikwa ndani hufutika. Ndiyo maana waandishi wa programu wa zama zile walikiziba kwa stika ya rangi ya fedha. Hiki kilizibwa kwa stika ya ndizi, ile ndogo inayobandikwa kwenye ndizi za dukani.

"Bi Verna," Duane alisema, "wenzako waliziba kwa stika ya maana. Wewe umeziba kwa kifungua kinywa."

"Stika ziliisha, na ndege ya kwenda kwenye maonyesho Chicago haikuwa ya kunisubiri. Soma chipu, kijana."

Kijana alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Aliisoma mara tatu, na mara zote tatu kompyuta ikatoa majibu yasiyolingana. Mwanga ulikuwa umepenya karatasi ya ile stika. Verna alikunja mikono. Duane akaeleza kwamba chipu iliyochoka husema kweli ikipewa umeme pungufu, akaushusha kutoka volti tano hadi nne na robo. Usomaji wa nne, wa tano na wa sita ulilingana kabisa.

Akanakili programu kwenye kaseti tupu, tukaichomeka kwenye mashine ya michezo, tukawasha. Mpiga mbizi wa rangi ya chungwa akazama, akamkwepa papa, akapanda juu, kisha akaanza upya. Nilishika kijiti cha kuchezea nikakivuta kushoto, hakunijali. Basi meneja alisema kweli. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Verna.

"Zima," alisema. "Sasa bonyeza ile swichi ya kuchagua mchezo hapo kwenye mashine, usiiachie, ndiyo uwashe."

Kumbe wauzaji wa kampuni, kwa kutojua kucheza, walikuwa wakimuua mpiga mbizi mbele ya wateja, meneja akaamuru ajiendeshe mwenyewe. Verna akauficha mchezo halisi nyuma ya swichi. Meneja hakuambiwa, kwa kuwa hakuuliza.

Safari hii mpiga mbizi alinitii. Tulivuka skrini tatu za bahari, tukafika kwenye mlango wa pango. Hapo akagoma.

"Ndani mna nini?" nikauliza.

"Sijui. Nilikuwa niamue Jumatatu. Kampuni ikafungwa Ijumaa."

Nilifuta ingizo langu palepale, nikaandika: "Mchezo. Mwandishi: Verna Lindqvist. Haukukamilika." Alilisoma mara mbili, akaridhika na kila neno isipokuwa la mwisho. Kisha akamwomba Duane penseli na karatasi ya miraba, ile ambayo waandishi wa programu walichorea zamani picha za michezo, mraba mmoja kwa nukta moja ya picha.