Kitabu cha Mtu wa Jando

Mwalimu Limpho alikuwa na utaratibu wake wa kugawa vitabu. Kila mwanafunzi alisoma ukurasa mmoja mbele yake, naye alikunja kidole kwa kila neno lililomshinda msomaji. Vikikunjwa vitano, mwanafunzi alishushwa kisanduku. Visanduku vya vitabu vilikuwa vitatu, cha kwanza kikiwa chepesi kuliko vyote.

Sekhobe alimaliza vidole vyote kabla ya kumaliza mstari. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka jandoni juzijuzi, na tangu utotoni alikuwa milimani na kondoo. Limpho akampa kitabu cha kisanduku cha kwanza: kifaranga anamtafuta mama yake.

"Pii, pii!" alilia Tefo, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesoma kuliko wote darasani. "Mzee wa jando, mama kapotea? Nyonya kidole, atakuja!"

Darasa likaangua kicheko. Fimbo ya Sekhobe ilitoka chini ya blanketi alilojitanda, sikio la Tefo likapasuka. Pigo la pili lilikuwa la kuua. Limpho aliingiza mkono katikati, akausikia mfupa wake ukilia kama ukuni mkavu. Damu ya mtoto ilirukia vitabu.

Mwalimu mkuu alitaka kumfukuza Sekhobe siku hiyohiyo.

"Nimempa mwanamume kitabu cha kitoto mbele ya watoto," Limpho alimwambia. "Kosa nililianza mimi."

"Haya. Lakini akipiga tena, hata kofi, anarudi kwa kondoo wake."

Limpho alipekua visanduku vyote vitatu. Kitabu cha mtu mzima asiyejua kusoma hakikuwamo. Lakini kila atokaye jandoni ana majigambo aliyojitungia mwenyewe, na hayo Sekhobe aliyajua kwa moyo. Mkono wa Limpho ulikuwa kwenye plasta, basi akamwita Tefo, kichwa kimefungwa bandeji.

"Kwa nini mimi, Mama?"

"Mwandiko wako mzuri, mdomo wako mbaya. Andika anayosema."

Sekhobe alitamka, Tefo akaandika. Wiki nzima Sekhobe alikaa na karatasi ile, kidole chini ya kila neno.

Jumatatu alisimama kusoma. "Mimi ni radi ya milima ya Maluti. Nilimvunja taya mwizi wa kondoo. Nili..." Kidole kikakwama. Kikarudi nyuma, kikaja tena. "Nili-m-kim-bia mwizi wa ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Tefo alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Sekhobe alimkaba koo, akambamiza ukutani hata vumbi likaanguka. Miguu ya mtoto ikaning'inia.

"Sekhobe!" Limpho alisema. "Ukimpiga, umeondoka."

Ngumi ilikuwa juu. Ilikaa huko muda mrefu. Kisha akamtupa mtoto juu ya dawati na kumsukumia penseli.

"Futa. Nilisema nilimtoboa jicho. Andika hivyo."

Tefo akaandika huku akikohoa, machozi yakidondokea karatasi. Sekhobe alimsimamia begani, akifuata herufi moja baada ya nyingine.

"Umeacha b," alisema.