Kidole Kwenye Gurudumu

...na asiwatazame, akiwatazama atatema mate, bora alitazame gurudumu tu, ringi ya baiskeli iliyofungwa sumaku kumi na mbili za spika za redio mbovu, na vigingi vinavyoizunguka navyo vina sumaku, eti hizi zinazisukuma zile, zile zinazisukuma hizi, mpaka kiama, lisage unga bila dizeli, bila pistoni, Stefano anawaeleza wazee wa kamati ya kijiji kwa mara ya tatu, sauti imelainika kama ya mhubiri, na yeye Lea, mkewe, ameinama mbele yao ameshika ringi kwa mkono wa kulia unaoanza kufa ganzi, akingoja neno moja tu, achia... lakini neno haliji, Stefano anapenda maneno, alikuwa kwenye maneno hata siku ile alipoiacha injini ya mashine ya kusaga ikaukiwa oili, pistoni ikakwama, mashine ikanyamaza, na wanawake wote wa Ulemo wakarudi kwenye mawe, magoti chini, mtama chini ya jiwe, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, miezi minane sasa, mabega yamemtuna kama ya mwanamume, na mwenye kosa ameketi kwenye kigoda anafunga sumaku kwa waya. "Usichoke, Mama Samweli," anasema Mzee Simeoni, mwenyekiti, "tunaambiwa mkono wako una baraka," wanacheka, wacheke, baraka yenyewe ni kidole gumba, hiki hapa nyuma ya ringi wasikokiona, maana gurudumu likiachwa lenyewe huenda nusu mzunguko, likayumba kama mlevi mlangoni, likasimama, kila mara, sumaku ileile iliyosukuma hugeuka ikazuia, hata mtoto angeona, lakini jioni ile ya masika Stefano alikuwa hajala siku mbili, Lea akaingiwa na huruma, akalisukuma kidogo, mjinga yeye, likazunguka, likazunguka, Stefano akacheka kwa mara ya kwanza tangu mashine ife, na tangu hapo kila jioni kidole, kila jioni kicheko... na leo lori la wilaya limesimama nje ya ghala, limetoka Kiomboi kuchukua ile injini iliyokwama, kwa sababu Stefano aliandika barua kwamba Ulemo hawaihitaji tena, ikitengenezwa kipewe kijiji kingine, gurudumu likizunguka injini inapakiwa, na mawe yanabaki, ya Kristina yanabaki, ya Dina mwenye mimba kubwa yanabaki, kwenda na kurudi mpaka meno yawaishe, ujamaa gani huu, wanaume wanakaa kwenye kamati, wanawake wanakaa kwenye jiwe. "Mimi nauliza," sauti ya Kristina, jirani yao, kutoka nyuma, "kwani lazima aachie yeye? Niachie mimi." "Hapana, shemeji," Stefano anasema haraka, haraka mno. "Basi mimi," anasema Mzee Simeoni, "au wangu una laana?" "Hapana, mzee wangu, limezoea mkono wa Mama Samweli." "Kumbe ni punda," mtu anasema, wanacheka tena, Lea hacheki, chuma kizoee mkono... na ile wiki aliyokwenda kwao Ndago kumzika mama yake, aliporudi alilikuta gurudumu chini ya gunia, lina vumbi, Stefano hakuligusa siku saba, yeye asiyelala bila kuligusa, akadhani alikuwa anamsubiri, akafurahi, Mungu wangu, akafurahi na msiba wake kichwani... anainua macho, na Stefano hatazami gurudumu, hatazami wazee, anatazama kidole gumba, kama fundi anavyotazama mkanda wa mashine usije ukakatika, kumbe anajua, amejua tangu masika, huruma yake ameifanya dizeli, ameijaza kwenye tangi na kuwaita watu waje waone. Nje dereva anapiga honi. "Haya, Baba Samweli, toa neno, jua linapanda," anasema mwenyekiti, na Lea anakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, polepole, makusudi, ili mumewe akione kinavyoingia, mkono ungali palepale kwenye ringi, vidole vinne, havina huruma hata kimoja, na Stefano, mdomo wazi mbele ya kamati nzima, hasemi achia.